Mama Njoki Alisimama, Mimi Nilikaa

Mhariri, jina langu lifiche kabisa, na majina mengine nimeyabadilisha, maana huku mlimani gazeti moja husomwa na kijiji kizima. Mimi ni mwanamume wa miaka arobaini na minne, baba wa watoto wanne, na ni msimamizi wa zamu katika kiwanda kimoja cha majani chai. Nimechoka. Kwa miaka kumi na sita nimeficha jambo moja pale kazini: kusoma kunanishinda. Shule nilikwenda, viboko nilikula, lakini herufi zilikataa kukaa pamoja. Mambo ya zamu nayaweka kichwani, na nikifika nyumbani mke wangu ananiandikia ripoti.

Mwaka huu niliwekwa katika kamati ya kutafuta mgeni wa kuzungumza siku ya wafanyakazi. Kwa kawaida tunaleta mtu wa kutugombeza juu ya pombe. Mimi nikapendekeza mwalimu mmoja wa Nyeri anayefundisha watoto wenye shida kama yangu. Nilikuwa nimemsikia kwenye mkutano wa wazazi akisema kwamba huo si ujinga wala uvivu, ni akili iliyoumbwa tofauti, na mtu wa aina hiyo apewe kazi anayoiweza. Kamati ilidhani nina huruma. Kusema kweli, nilitaka meneja asikie maneno hayo bila mimi kuyasema.

Mwalimu alikuja akazungumza vizuri mno, hata meneja akawa anatikisa kichwa kukubali. Mwishoni akasema, "Kila mahali pa kazi wako wengi. Kama uko hapa, usiogope, simama tukupongeze." Nilishikilia kiti. Akasimama Mama Njoki wa zamu yangu. Huyu mama akifinya majani kiganjani anakwambia kama yamenyauka vya kutosha kuingia kwa mashine, na hakosei. Yeye ni mtu wa wokovu, amezoea kutoa ushuhuda kanisani, na kule anayekiri huimbiwa na kukumbatiwa. "Bwana asifiwe," akaanza. "Mimi kusoma sijui. Hiyo fomu ya majani wenzangu ndio hunijazia." Watu wakapiga makofi, na mimi nikapiga pamoja nao.

Jumatatu meneja akaniita ofisini. "Ati huyo mama hajui kusoma na umemuacha hapo? Siku hizi tunapunguza watu na wewe unaniwekea mtu kama huyo! Mimi siko na ubaya na yeye, lakini kiwanda sio kanisa." Akamwondoa kwenye majani, akampa ufagio. Kisha akaniagiza, kama msimamizi wake, niandike barua kwamba hafai kurudi pale. Anaitaka mwisho wa mwezi.

Mama Njoki alinifuata hadi langoni. "Foreman, nilikosea wapi? Si mwalimu alisema tuko wengi? Sasa hao wengine walikuwa wapi?" Nikamwambia niko na haraka. Sijawahi kujichukia kama siku hiyo.

Nyumbani nikamwomba mke wangu aandike hiyo barua. Akaweka kalamu mezani. "Baba Kamau, nimekuandikia miaka hii yote na sijawahi kulalamika. Hii sitaandika. Huyo mama ni wewe." Tangu hapo tunakula bila kuongea, na watoto wanatuangalia tu.

Nikimwambia meneja ukweli, nitapewa ufagio na mimi, kama sitafukuzwa kabisa, na wawili wangu wako sekondari. Nikinyamaza, nitatafuta mtu mwingine wa kuniandikia, na Mama Njoki atafagia hadi uzeeni kwa sababu aliamini mgeni niliyemleta mimi. Usingizi umenihama, hata chakula hakina ladha.

Barua hii mke wangu amekubali kuiandika, mimi nikisema maneno naye akiyaweka kwenye karatasi. Ndugu wasomaji, nishaurini, mngekuwa mimi mngefanya nini? Jibu lenu atanisomea yeye, na najua hataruka neno.