Kunde Zangu na Sukuma Wiki ya Mkwe

Mkwe wangu, mama yake mke wa mwanangu, ni mwanamke mwema, na wema wake ndio unaonisumbua. Angekuwa mkorofi ningemwombea kwa utulivu. Alitoka Uvira akapitia kambi ya wakimbizi na watoto wake, na sijawahi kumsikia akilalamika. Sasa, huku ughaibuni, anaishi peke yake mtaa wa Frogtown, na kila Jumamosi mwanangu huenda kumchukua na kumleta kwetu, mji wa Savage.

Mimi ndiye ninayekaa na mjukuu wetu wiki nzima. Namwamsha, namsuka, namkumbusha kushukuru kabla hajashika kijiko. Lakini Jumamosi, gari likisikika nje, ananitoroka chanuo likiwa bado limekwama kichwani. "Koko! Koko!" Mimi ni Bibi wa kila siku. Yule ni Koko, ndivyo kwao wanavyomwita bibi, Koko wa sikukuu.

Mwaka jana mzee mmoja wa usharika wetu, mzungu mwenye shamba kusini kidogo ya Savage, alitupatia mimi na mkwe vipande vya ardhi kando ya msitu wake. Yeye ni mwindaji. Alitaka tupande chakula cha wale wanyama wenye pembe kama matawi, ambao mimi nawaita ayala kwa sababu ndivyo Maandiko yanavyowaita, ili wazoee kuja kula hapo kabla msimu wa kuwinda haujafunguliwa. Nilipoelewa nilicheka hadi nikajifuta machozi. Kule Singida nimelima maisha yangu yote nikifukuza wanyama. Marehemu mume wangu, mwinjilisti, alikuwa akitoka kwenye sala ya jioni anakwenda moja kwa moja shambani kupiga debe. Leo natakiwa niwakaribishe!

Pale katikati ya vipande vyetu mzee alikuwa amejenga kibanda cha mbao juu ya nguzo, chenye dirisha na benchi la watu wawili. Akamwahidi mtoto kwamba Jumamosi moja ya Oktoba atapanda kutazama ayala, yeye na bibi mmoja.

"Bibi yupi?" mtoto akauliza.

"Yule ambaye shamba lake litakuwa na wanyama."

Alisema kwa utani. Mimi sikuupokea kama utani.

Mwezi wa Agosti tukaenda kuchagua mbegu. Duka lilikuwa na mifuko imepangwa hadi darini, kila mmoja na picha ya dume la ayala limeinua kichwa kama mfalme. Kulikuwa na oti, na mbegu za majani ya malisho, na mchanganyiko wa figili na sukuma wiki. Mzee alisimama mbele ya ule mchanganyiko akaanza kueleza habari za baridi. Sikumsikiliza. Macho yangu yalikuwa yameona kunde.

Mtu wa Singida haelezwi habari za kunde. Swala na digidigi walikuwa wakiacha mtama, wakaacha karanga, wakafuata kunde zetu hata ukiwawekea moto. Nikaukumbatia mfuko wangu kama mtoto.

Mkwe alichukua figili na sukuma wiki.

"Umechaguaje, mkwe?" nikamuuliza.

"Mama, mimi sijue nyama ya hapa inapenda nini," akasema, maana kwao mnyama huitwa nyama. "Nilichagua kile mimi mwenyewe ninaweza kula. Kama nyama inakataa, bon, tutaweka mu sufuria."

Nikatabasamu. Moyoni nikasema, Bwana ameshaamua.

Na kweli, Septemba ilikuwa yangu. Kunde zilitoka nzito, na ayala wakazifyeka kama waliotumwa. Sukuma wiki ya mkwe ilisimama pale bila hata jani moja kuguswa. Mtoto alinishika mkono tukatembea tukitazama nyayo zenye ncha mbili kwenye udongo wangu, naye akasema kwa Kiingereza chake kwamba Bibi anajua kulima kuliko watu wote. Hata mlango wa gari ulipofunguliwa Jumamosi ile, hakukimbia. Alitembea.

"Usihuzunike, mkwe," nikamwambia. "Kila jambo lina majira yake."

"Amina, mama," akajibu, akaendelea kuchuma majani yake na kuyatia kwenye mfuko.

Kisha ukaja usiku mmoja wa jalidi, ile baridi inayogandisha umande. Asubuhi nyasi zilikuwa nyeupe, na mwanangu aliponipeleka shambani nilikuta kunde zangu zimelala chini, nyeusi, kama mboga iliyochemshwa ikamwagwa. Zote. Upande wa pili sukuma wiki ilikuwa imesimama, kijani, na kingo zake zimeng'atwa. Mzee akaeleza tena kile alichokuwa akikieleza dukani: jalidi huyatia majani yale utamu, na wanyama huusubiri utamu huo.

Nilifundisha akina mama Maandiko kwa miaka mingi. Nimewasomea kisa cha yule mkulima wa kwanza ambaye sadaka yake haikutazamwa na ya ndugu yake ikatazamwa, na kila mara nilimhukumu upesi nikaenda kwenye somo linalofuata. Siku ile nilisimama kando ya shamba langu jeusi nikamwelewa hadi kwenye mifupa. Tena kilichoniuma ni kwamba mkwe hakushindana. Alichagua kwa ajili ya sufuria, akapewa na sufuria na wanyama.

Jumamosi iliyofuata akaja na hiyo sufuria, imejaa sukuma wiki. Chakula cha mkwe hakikataliwi kwetu. Nikala. Ilikuwa tamu, nikamwambia ni tamu.

Jioni tukaenda shambani. Mtoto hakuuliza, alimshika Koko wake mkono wakaelekea kwenye ngazi. Nikabaki chini na mzee, nikijifanya nafunga kilemba upya.

Mkwe alipanda vidaraja viwili, akasimama, akageuka.

"Mama, panda wewe."

"Shamba lako ndilo lenye wanyama, mkwe."

"Nikule kitu kizuri na mkwe wangu anabaki inje? Kwetu wataniuliza nilifundishwa na nani. Panda!"

Akashuka. Nami sikuwa na njia, kwani mkwe akikupa kiti, unakaa. Nikapanda, magoti yakilia, nikakaa kwenye lile benchi. Mtoto akaniegemea. Kwa muda mrefu hakukuwa na kitu ila harufu ya majani yaliyooza. Halafu wakatoka msituni, majike matatu na dume moja, wakipita juu ya kunde zangu bila kuinamisha vichwa.

"Bibi, tazama," mtoto akaninong'oneza, safari hii kwa Kiswahili. "Ayala wa Koko."

Nikamshukuru Mungu kwa uzito wa kile kichwa begani mwangu. Nilishukuru kweli. Na kupitia dirishani nikamtazama mkwe, amesimama kando ya gari, mikono ameificha kwenye mikono ya koti, anatabasamu kuelekea juu asikoweza kuona kitu, na wivu wangu haukupungua hata punje.

Agosti imefika tena. Juzi mwanangu alinipitisha dukani alipotoka kazini Golden Valley. Nimenunua figili na sukuma wiki, mfuko mkubwa, na uko chini ya kitanda changu. Mkwe alinipigia simu jana, akaniambia kwa furaha kwamba mwaka huu yeye atapanda kunde, kwa sababu majani ya kunde zangu aliyatamani.