Mikono ya Chuma Isiyo na Mwenyewe

Siku ya kwanza kumwona Effie Manson, alikuwa amekaa juu ya sanduku nililotumwa kulipeleka kusini, na hataki kushuka.

"Shuka, mama," alisema bosi wake, Innes. "Safari imekufa. Linakwenda kukatwa."

"Basi mnikate na mimi."

Mimi dereva wa lori, mgeni katika kituo kile cha nyuklia kinachobomolewa kaskazini kabisa mwa Skotlandi, nikajifanya nakagua matairi.

Ndani ya sanduku mlikuwa na mikono miwili ya chuma. Effie alianza kuifanyia kazi akiwa msichana aliyetoka kuchunga kondoo wa baba yake. Alikuwa akisimama nyuma ya kioo kinene akiiendesha, nayo upande wa pili ikishika vitu vyenye mionzi asivyoweza kushika mtu. Mumewe alipokufa, mikono hiyo ndiyo iliyolea binti zake. Sasa chumba alimofanyia kazi hiyo kilikuwa kimevunjwa. Mikono ilipimwa ikaonekana safi, haina mionzi, na kituo kingine cha kusini kiliihitaji sana.

Shida ilikuwa barabara. Kampuni ya Effie ilisema mali ikitoka getini si yake tena. Ya kusini ikasema isipoingia getini kwake, si yake bado. Kila moja na utaratibu wake. Kwa hiyo njiani mikono ile haikuwa na mwenyewe, na ikiharibika hakuna wa kuulizwa. Innes akaona nafuu iwe taka.

"Basi njiani ni yangu," Effie alisema.

"Wewe? Hata baiskeli huna!"

"Nina kondoo na nina mdomo."

Wafanyakazi wakaangua kicheko. "Bosi, kubali tu! Utalala hapa leo!"

Innes akawa mwekundu. "Haya! Itabaki yetu mpaka wao waishike. Ikivunjika njiani, Effie, kazi huna."

"Hayo ndiyo maneno. Ungesema tangu asubuhi."

Akapanda mbele kwangu bila kuniuliza. Alinigawia mkate na jibini, akanichokoza njia nzima: "Kaka, huongei, au umekatazwa?"

Tulifika kukiwa na mvua. Mlinzi wa geti akasema, "Shusheni, mama, muende zenu."

"Waite kwanza watakaoifanyia kazi. Waijaribu mbele yangu."

Msimamizi wao akatoka na mwavuli. "Huo si utaratibu wetu."

"Wala haukuwa wetu. Tumeuanza leo."

Tukalowa tukishusha sanduku, tukaliweka chini ya paa la geti. Mafundi hawakuwa wameitwa bado, nami nilikuwa na mzigo mwingine wa kuwahi. Baada ya jioni hiyo sikumwona tena. Nasikia waliijaribu, ikakunja vidole vizuri, na siku hizi kampuni zote mbili zinakabidhiana mali hivyo hivyo: ni ya mtoaji mpaka mpokeaji aiendeshe.

Lakini jioni ile hakuna aliyejua kama mafundi watatoka. Nilikusanya ujasiri nikamuuliza kama nimsubiri.

"Nenda, kaka," alisema. "Hapa kampuni ni mimi, na kampuni haibanduki mpaka hawa watu watoke kuijaribu, walowe kama nilivyolowa."