Kucha za Likizo

Juzi, nikinunua dawa kwenye duka la dawa za mifugo hapa Kitale, mama mmoja alimleta binti yake wa kidato cha tatu.

"Daktari, huyu anataka kusomea udaktari wa ng'ombe. Hii likizo ya Agosti si akufuate mashambani, aone kazi."

Daktari akatazama kucha za msichana, ndefu na zenye rangi. "Na hizi ndizo zitaingia ndani ya ng'ombe anayezaa?"

Msichana akaomba wembe, akaanza kuzikata pale pale kwenye kaunta.

"Si ungengoja harusi ya shangazi yako ipite?"

"Mama, ng'ombe hatangoja harusi."

"Kesho uje asubuhi na gambuti," daktari akamwambia.

Mungu anisamehe. Mwanangu namwombea uhandisi kila Jumapili, na sijamuuliza kama amewahi kushika spana.