Vitana vya Ukutani

Mimi sina darasa. Niliishia la nne, na hilo la nne lenyewe nilikaa benchi la nyuma nikiomba mwalimu asinione. Lakini leo shuka Kibiti uulize mashine ya kukoboa mpunga isiyopumzika msimu wa mavuno, mtu yeyote atakuleta kwangu. Nyumba yangu ina bati la rangi na kisima kiko uani. Vyote hivyo nimevipata kwa kukariri. Hata leseni ya udereva, alama za barabarani nilizikariri zilivyopangwa kwenye karatasi, nusu yake sijui zinasema nini, na nikapita. Nilikuwa nawaambia watu, kila mtihani una mlango wake wa uani.

Basi zahanati ya kijijini kwetu ikatangaza kwamba watoto ambao hawajaanza shule watapimwa macho siku ya kliniki. Mimi nina binti, kitinda mimba wangu, ana miaka minne. Mama yake alisikia neno "kupimwa" akaelewa afya. Mimi nikasikia mtihani. Na wallahi mtoto wangu hawezi kufeli mbele ya watu.

Nilikuwa nimewapelekea zahanati saruji ya kuziba sakafu, kwa hiyo pale nilikuwa naingia nipendavyo. Nikaukuta ubao wa kupimia umetundikwa ukutani: alama nyeusi kama vitana, kimoja meno yake yanatazama juu, kingine chini, vingine huku na huku. Mtoto anatakiwa aoneshe kwa mkono meno yanaelekea wapi. Nikaupiga picha kwa simu. Nyumbani nikavichora kwa mkaa kwenye ukuta wa banda la mashine, nikamfundisha. Kulia na kushoto alikuwa bado hajui, kwa hiyo upande mmoja tuliuita mashineni, wa pili kisimani: juu, mashineni, chini, kisimani, juu. Siku ya tatu alikuwa anaonesha huku anatafuna muwa.

Siku ya kliniki wanawake walijaa kwenye mabenchi.

"Khaa! Tajiri leo kaja kliniki," mmoja akasema. "Mama watoto kakugomea?"

"Nimeleta bingwa," nikajibu. "Nyie bakini na hao wenu wanaolia."

Nesi, binti mdogo tu, alimziba mwanangu jicho la kulia kwa kadi. Mkono ukaenda juu, ukaenda upande, ukaenda chini, haukusita hata mara moja. Akamziba la kushoto, vivyo hivyo. Foleni ilikuwa ndefu, nesi akaandika kwenye kadi ya kliniki ya mtoto kwamba macho yote mazima. Nikapigiwa vigelegele. Nikasema, "Damu yangu hiyo."

Siku chache baadaye, jua la alasiri likiwa kali, tulikuwa tunacheza unesi pale pale bandani. Akaniziba jicho, akanionesha vidole nivihesabu, nikakosea makusudi, akacheka mpaka akakaa chini. Ikawa zamu yangu ya kuwa nesi. Nikakaa nimeupa ukuta mgongo, nikamziba jicho la kulia kwa kiganja. Mkono wake ukaenda: juu, mashineni, chini, kisimani, juu. Nikageuka kutazama ukutani, nimsifie kwa vile alivyovipata.

Ukuta ulikuwa mweupe. Mama yake alikuwa ameupaka chokaa jana yake kwa ajili ya Idi, na mimi nilikuwa nimesahau.

"Unatazama nini, mwanangu?"

"Vitana."

"Viko wapi?"

"Si hapo, baba." Akanyoosha kidole kwenye chokaa tupu.

Nikamwekea vidole vyangu viwili mbele ya uso. "Vingapi hivi?" Akasogeza kichwa, akapapasa hewa, halafu akanisukuma kiganja. "Toa mkono, baba. Kuna giza."

Nimewahi kupinduka na lori la mpunga njia ya Mkongo nikatoka nacheka, lakini siku ile sikucheka. Ndipo nikakumbuka bega lake la kushoto lilivyokuwa linagonga fremu ya mlango, nami namfokea, "Tazama unakokwenda!"

Nilipomsimulia mama yake hakupiga kelele, na hilo lilinitisha zaidi. "Kwa hiyo majibu ulimpa wewe," alisema. Basi.

Kadi ya kliniki ilikuwa imeandikwa mzima. Hakuna ambaye angemwita tena. Nje ya nyumba yetu hakuna aliyejua kwamba jicho la kushoto halioni, na kusema ilibidi nikaseme kwenye yale yale mabenchi.

Asubuhi nikaenda naye.

"Tajiri, umekuja kutazama sakafu yako?" nesi akauliza.

"Dada, nilimfundisha."

"Ulimfundisha nini?"

"Vitana vyote. Kwa mpangilio."

Aliweka kalamu chini. Hakucheka, hakunigombeza. Akachukua kadi yenye kitana kimoja, akawa anaigeuza nyuma ya mgongo wake kabla ya kuionesha. Jicho la kulia likazibwa. Mwanangu akainua mkono juu. Meno yalikuwa yanatazama chini. Kadi ikageuzwa. Mkono ukabaki hewani, kisha mtoto akageuza uso kunitafuta mimi, nimpe jibu.

Nikamgeuza uso, aitazame kadi.

"Jicho lenyewe halina kidonda," nesi akaniambia. "Lilikuwa halioni vizuri, ubongo ukaliacha, ukawa unatumia lile moja. Linaitwa jicho vivu. Angekuja akiwa darasa la tano ningekupa pole tu. Huyu bado mdogo, nitakuandikia barua ya hospitali kubwa wakajaribu."

Nililisikia hilo "wakajaribu" njia nzima.

Huko hospitali amepewa miwani, na jicho zima linazibwa kwa saa kadhaa kila siku ili lile vivu lifanye kazi. Anayeliziba ni mimi. Analia, anatembea akishika kuta za nyumba yangu kama mgeni. Pale zahanati ubao umeshushwa ukutani, unakaa ndani ya droo, na siku hizi nesi anatumia ile kadi ya kugeuza kwa kila mtoto. Wanawake wameipa jina: kadi ya tajiri. Waache waseme.

Na mimi nimejitengenezea yangu kwa boksi. Kila alasiri nasimama karibu na mashine, nimefunga mdomo, nimekaza uso usimwambie kitu. Jana nilielekeza chini. Akakodoa jicho, mkono ukashuka chini. Nikageuza, akaonesha kisimani, ni kweli. Nikageuza tena, akasema juu, na ilikuwa juu. Hiyo sikuiamini, maana juu ndiyo anayoisema siku zote.

"Umeiona, mwanangu, au umebahatisha?"

Akanitazama kwa lile jicho moja, nyuma ya kioo.

"Wewe unataka niseme ipi, baba?"

Nikaigeuza kadi upya nyuma ya mgongo, hata mimi nisijue meno yanatazama wapi, ndipo nikamwonesha.