Kata ya Maji

Mtungi mpya ukilowa hutoa harufu ya udongo, na harufu hiyo hunichosha shingo hata leo. Kule Newala maji tuliyafuata bondeni, tukapanda nayo kichwani.

Siku moja, tukirudi na maji, tulimkuta mlangoni petu mama mwenye ukoma, aliyetengwa na kijiji, akielekea misheni kufungwa vidonda.

"Shikamoo, mama," nilisema nikiwa mbali.

"Marahaba. Naomba maji."

Mama yangu alichota kwa kata yetu, akamnywesha, maana vidole vyake havikuweza kushika. Kisha akachota tena bila kuisuuza, akanywa yeye. Majirani walikuwa wakitazama.

Tangu hapo hakuna jirani aliyekuja tena kuomba maji kwetu.

"Basi," alisema mama, akijinyoosha mgongo, "yatamtosha na yule mama akirudi."