Mbwa wa Zafarani

Juzi nilikwenda Malindi kumtazama mama, nikamkuta mpwa wangu amejilaza ukumbini na simu, anatazama katuni. Si hizi za siku hizi zenye rangi kama peremende. Zilikuwa zile za kale kabisa, nyeusi na nyeupe, hazina maneno, muziki tu wa kukimbizana. Nilisimama nyuma yake nikatazama, kisha nikaenda kukaa jikoni.

Wewe wa rika langu utazikumbuka. Mtaani kwetu jirani mmoja, mpishi mstaafu wa hoteli, alikuwa na mashine ya video na kanda moja tu. Kila alasiri tukitoka chuoni kusoma Kurani, juzuu bado zi kwapani, tulijazana kwenye mkeka wake. Mkewe alitupa kaimati na kutuonya tusipanguse shira mkekani. Katika kanda ile kila kitu kilikuwa na uhai: birika lilicheza, nyumba ilivuta pumzi, mti ulinyoosha mikono ukamkuna mpita njia mgongo, na hakuna aliyeshangaa. Kulikuwa na mbwa mmoja mwembamba, miguu kama mpira. Gari likimpitia huwa bapa kama chapati, kisha hujikung'uta akaenda zake. Jabali likimwangukia hujikung'uta vilevile. Mdogo wangu wa kiume, wa miaka sita, alimcheka mpaka kwikwi ikamshika. Bibi yetu alituambia mbwa ni mbwa hata akiwa wa kuchorwa, tutawadhe kabla ya kushika msahafu. Tulidhani anatania.

Masika ya mwaka ule mdogo wangu akashikwa na homa. Alipelekwa hospitali, akapigwa sindano, akapewa dawa. Homa ikashuka, ikarudi. Kama ilivyo kwetu, mwalimu wa chuo naye akaitwa aje amwandikie kombe. Aliandika aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, kisha sahani ikasuuzwa kwa marashi, na yale maji ya manjano mgonjwa akayanywa. Ilikuwa hivyo siku tatu. Mimi nilichuchumaa pembeni nikitazama kalamu ya mwanzi ikienda na kurudi, na kwa akili yangu ya miaka tisa nikaelewa kwamba kinachowekwa sahanini ndicho kinachoingia mwilini.

Siku ya tatu mwalimu alitoka kwenda kuswali alasiri. Aliacha zafarani kikombeni na sahani moja ambayo hajaiandika. Mdogo wangu hakuwa tena na nguvu ya kulia. Nikamfikiria mmoja tu niliyemjua ambaye huanguka na kuinuka kila mara, nikamchora: masikio, miguu mirefu, mkia. Nilimwonyesha mdogo wangu kabla sijasuuza. Akacheka, kidogo, kwa sauti kavu. Nikamwinua kichwa, akanywa yote.

Alifariki kabla ya magharibi.

Sikumwambia mtu. Matangani nilikaa kati ya wanawake wakisoma, nikijua kwamba nimemnywesha mdogo wangu mbwa, siku yake ya mwisho, mahali pa maneno ya Mungu. Nilingoja mtu anitazame usoni aone. Jirani alizima video yake kwa heshima ya msiba, na arubaini ilipopita wenzangu wakarudi mkekani. Mimi sikurudi. Mpaka leo nyumbani kwangu hakuna sahani nyeupe, na mume wangu anadhani napenda sahani za maua.

Nyumba ya jirani sasa ni vyumba vya wageni. Chuo kimehamia kwenye jengo la ghorofa. Bibi, mwalimu, mpishi na mkewe, wote wametangulia. Amebaki mama peke yake wa kumwambia, na mama mwenyewe amekonda. Jioni ile, nikimkanda miguu kwa mafuta ya nazi, nikamwambia.

Alivuta kanga mabegani.

"Nalikuwa mlangoni, mwanangu," akasema. "Nalikuona tangu waanza masikio."

Nikamuuliza mbona hakunizuia.

"Nalimsikia akicheka. Siku nne sijamsikia. Sikuweza kukunyang'anya ile sahani."

Kisha akaniambia kwamba aliyemuua ni yeye. Mimi nilikuwa mtoto, sikujua nifanyalo. Yeye alikuwa mtu mzima, akajua, akasimama akatazama. Ndiyo maana amefunga kila Jumatatu na Alhamisi tangu mwaka ule. Sisi wanawe tulikuwa tukimsifia kwa wageni, kwamba mama yetu hakosi sunna.

Nilitaka kumwambia kwamba hakuna aliyeua, kwamba ilikuwa homa. Maneno hayo nimejiambia mwenyewe maisha yangu yote, na hayajaniingia hata siku moja. Kwa hiyo nilijimiminia mafuta zaidi kiganjani, nikauchukua mguu wake wa pili.