Uji wa Moto kwa Kuku Wagonjwa

Kabla ya kuku, mama alikuwa mtu wa wikendi. Kila Jumatatu alfajiri alibeba mkoba wake mkubwa wa mistari akaenda mpakani Kabanga kuuza vitenge, akarudi Jumamosi na vumbi hadi kwenye nyusi. Mimi na bibi tulibaki Kanazi. Halafu akajenga banda, akaleta vifaranga wa kuku wa nyama, na mkoba ukatundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango. Sikumwambia mtu, ila kila nikitoka shule nilikuwa naangalia kwanza kama bado upo.

Kundi la mwaka huu likaanza kuugua. Kuku walijikunyata, kinyesi kikawa maji ya kahawia yenye povu, na kila asubuhi tukakuta waliokufa, tena wale wanene. Bwana mifugo alikuja, akapasua mmoja juu ya gunia. Utumbo ulikuwa umejaa hewa, na ndani umekwaruzika kama taulo kuukuu.

“Bakteria,” alisema. “Mama, chakula umebadilisha?”

Mama akasema mahindi yalipanda bei, akazidisha mtama na pumba.

“Basi hakisagiki vizuri. Kinachobaki tumboni, bakteria wanakifanyia sherehe.” Akaacha dawa ya kutia kwenye maji, na pakiti ya unga wa enzaimu wa kuchanganya kwenye chakula. “Huu hauui bakteria. Unamsaidia kuku kusaga, ili wao wakose makombo. Na maranda ya sakafuni yawe makavu.”

Vifo vikapungua lakini havikuisha. Kinyesi kilikuwa bado maji. Mama akasema, bila kututazama, “Wakiendelea hivi hadi Jumapili, nafunga banda. Jumatatu naenda Kabanga.”

Kwetu mgonjwa yeyote anapewa uji. Mtoto, mzazi, hata ndama. Na asubuhi za Kanazi zina baridi ya kuuma. Kwa hiyo mama alikuwa anachemsha maji, anayamimina kwenye beseni la chakula cha kuku, anatia ule unga, anakoroga kwa mwiko huku mvuke unamfunika uso. Ukipoa kidogo anawapelekea. Aliwahurumia kweli.

Nilikuwa namtazama siku moja nikakumbuka somo la baiolojia. Mwalimu alichemsha mate, akayachanganya na wanga, na rangi ya bluu ya iodini ikagoma kuondoka. Akauliza kwa nini. Nilijua kwamba moto umeharibu enzaimu, nikatazama dawati hadi mwingine akajibu.

Sasa utamwambiaje mama yako, ameshika mwiko? Mimi hata nikiitwa jina darasani, “nipo” yangu inatoka kama pumzi. Nilikaa nalo siku mbili.

Asubuhi ya tatu bibi alikuwa kando ya jiko anapepeta kimea cha pombe yake ya mtama. Mama anasubiri maji yachemke. Nikamgeukia bibi.

“Bibi, kimea unakitia uji ukiwa unachemka?”

Alinitazama kama niliyeuliza iwapo ng'ombe hutaga. “Huko shule mnafundishwa nini? Ukikitia kwenye moto kinakufa. Uji haulegei wala hauwi mtamu. Unasubiri upoe hadi kidole kivumilie.”

“Na unga wa kuku je?” Nilikuwa naongea na miguu yangu.

Mama alikuwa ameshainua sufuria. Hakumimina. “Rudia. Sauti itoke.”

“Ule unga ni enzaimu, mama. Kimea nacho kina enzaimu. Maji ya moto yanaziharibu.”

Bibi akaanza kucheka hadi kimea kikamwagika. “Kwa hiyo kuku wanapikiwa uji kila asubuhi, na mimi mgongo ukiniuma naambiwa nisubiri.”

“Ulijua tangu lini?” mama aliniuliza.

“Juzi.”

“Juzi. Na mdomo ulikuwa umemwazima nani?”

Akampigia bwana mifugo. Nikamsikia kwenye simu: “Unawapikia?” Akasema chakula kiwe kikavu, maana hata ule uji ndio uliokuwa unalowesha maranda. Tukachukua kwake pakiti nyingine ya enzaimu. Nilichanganya mwenyewe: unga kidogo na konzi ya pumba kwanza, kisha kwenye chakula chote, kwa mikono, bila tone la maji.

Hawakupona wote. Mmoja mwenye kidole kilichopinda, niliyekuwa nampenda, alikufa. Lakini wengine wakaanza kugombania chakula, na kinyesi kikaanza kushikana. Sikuwahi kufikiri nitafurahia kinyesi.

Jumapili jioni mama alichungulia bandani muda mrefu, akaingia ndani, akala, akaenda kulala. Nami, kama kawaida yangu, sikuuliza kuhusu Kabanga.

Jumatatu niliamka nikaangalia msumari. Mkoba haukuwepo.

Nilitoka nje bila viatu. Mama alikuwa anapandisha njia ya kutoka kwa fundi seremala, mkoba wa mistari kichwani, umejaa maranda makavu yanayomwangukia mabegani.

“Umesimama nini?” alisema. “Njoo shika huku.”